Gobori na Mdeki Wake: Historia ya Bunduki za Kushindilia na Mafunzo Yake Kwetu

 

Huenda ukastaajabu kumwona mwalimu wa madrasa anashika kalamu kuandika habari za gobori. Utasema: Sheikh na baruti wapi na wapi? Basi nivumilie kidogo, nami nitakueleza sababu mwisho wa makala haya. Umri wangu umekwisha pita miaka sitini, na zaidi ya thelathini katika hiyo nimeitumia kusomesha watoto katika nchi ya Mbulu na Hanang, tangu zilipokuwa katika mkoa wa Arusha mpaka zilipoingia katika mkoa mpya wa Manyara mwaka 2002. Nimekaa na Wairaqw katika vilima vyao, nimekunywa maziwa ya Wabarbaig chini ya mlima Hanang, na nimesali na wafanyabiashara Warangi katika misikiti midogo ya mabati. Na katika nyumba za wazee wa makabila yote hayo, mara kwa mara nimeona kitu kimoja kimefichwa darini, kimefungwa kwa gunia, kimeliwa na kutu: gobori la babu.

Vijana wakiliona hucheka. Wengine hulitamani. Lakini ni wachache wanaojua lilitoka wapi, lilifanya kazi gani, na kwa nini babu zao walihangaika sana kulifanya lipige pale wanapotaka. Basi na tuanze na jina.

JINA LA BUNDUKI NA KIPIMO CHAKE

Neno letu "bunduki" limetoka katika Kiarabu, na asili yake bunduq ni kokwa, tunda dogo la mviringo lenye ganda gumu. Kisha Waarabu wakaita kwa jina hilo kidonge cha udongo kilichopigwa kwa upinde ili kuwinda ndege. Baruti ilipokuja, jina likahama tena, likawa la chombo chenyewe. Kwa hiyo kila tunaposema bunduki tunataja kokwa bila ya kujua.

Ama bunduki ya zamani, ile inayotiwa baruti na risasi kwa mdomoni, watu wa pwani waliiita gobori au korofindo. Ile iliyowashwa kwa jiwe la kugonga chuma iliitwa ya gumegume, na iliyokuja baadaye, yenye kifuniko kidogo cha shaba kilichotiwa dawa ya kulipuka, iliitwa ya fataki. Mti au chuma cha kushindilia ni mdeki. Likumbuke neno hili, kwani tutalirudia.

Wazungu walikuwa na hesabu ya ajabu ya kupimia ukubwa wa mtutu. Hawakusema upana wake, bali walisema: ratili moja ya risasi itatoa vidonge vingapi vinavyoingia ndani yake? Bunduki ya nambari 12 ni ile ambayo ratili moja hutoa vidonge 12. Bunduki ya nambari 4 hutoa vidonge vinne tu, na kila kimoja kina uzito wa gramu 113 na upana wa karibu milimita 27. Angalia basi, kadiri nambari inavyopungua ndivyo bunduki inavyozidi kuwa kubwa. Na mwalimu wa hesabu atakwambia kuwa ukizidisha upana wa kidonge mara mbili, uzito wake huzidi mara nane. Ndiyo maana bunduki za kuwindia tembo zilikuwa mzigo wa kumwelemea mtu, na mshindo wake ulimwangusha aliyezipiga kabla ya kumwangusha tembo.

JINSI ZILIVYOFIKA HUKU

Ndugu msomaji, gobori halikuzaliwa Mbulu. Katika karne ya kumi na tisa Unguja ilikuwa soko kubwa la pembe za ndovu, na misafara ilitoka Pangani, Tanga na Bagamoyo kwenda bara. Njia moja ilipita kandokando ya nchi ya Wamasai mpaka Irangi, Uburunge, Umbugwe na pande za ziwa Manyara. Mji wa Kondoa ulikua kwa misafara hiyo. Katika viongozi mashuhuri wa njia za Umasai alikuwepo Jumbe Kimameta wa Pangani, ambaye baadaye alifuatana na Joseph Thomson mwaka 1883 na Count Teleki mwaka 1887. Mwaka 1892 akapita Oscar Baumann, akaona ziwa Manyara na Eyasi, na akapita katika nchi ya Wairaqw.

Misafara hii ilibeba nguo, shanga, nyaya za shaba, na magobori. Na kwa nini magobori yalikuwa mengi na rahisi? Kwa sababu Ulaya walikuwa wanayatupa. Baada ya vita vya mwaka 1866 baina ya Prussia na Austria, kila dola ilitaka bunduki za kutia risasi kwa nyuma, na zile za kushindilia zikauzwa kama vyuma chakavu. Chakavu cha Ulaya kikawa mali Afrika. Mwaka 1888 Euan-Smith, mwakilishi wa Uingereza huko Unguja, alikadiria kuwa bunduki baina ya 80,000 na 100,000 zilikuwa zikiingia bara kila mwaka. Kisha mwaka 1890 mataifa yakatia saini Mkataba wa Brussels, wakazuia silaha za kisasa zisiingie katika sehemu kubwa ya Afrika. Lakini waliacha mlango mmoja wazi: bunduki za gumegume zisizo na mifereji ndani ya mtutu, pamoja na baruti ya kawaida, ziliweza kuruhusiwa. Maana yake ni nini? Maana yake Mwafrika aachiwe bunduki isiyo na shabaha, na mtawala abaki na yenye shabaha.

Hapa yatupasa tuseme kweli, ingawa ni chungu. Misafara ile haikubeba pembe peke yake. Ilibeba na watu. Na wengi wa wenye misafara walikuwa watu waliosali kama tunavyosali sisi. Soko la watumwa la Unguja lilifungwa kwa mkataba wa mwaka 1873 wakati wa Sayyid Barghash, lakini bara biashara iliendelea kwa miaka mingi baadaye. Gobori ndilo lililokuwa mkononi mwa aliyefunga, na mikono mitupu ndiyo iliyofungwa. Tukiwasomesha vijana historia ya misafara tukataja nguo na tende na misikiti, tukanyamaza juu ya minyororo, tutakuwa tumepiga risasi kando ya shabaha kwa makusudi. Na mtu wa haki hapindishi ushahidi hata ukiwa juu ya nafsi yake au jamaa zake.

NAMNA YA KUSHINDILIA

Sasa tuingie katika kazi yenyewe. Mpigaji husimamisha bunduki, akamimina baruti kwa kipimo. Huweka risasi juu yake, akashindilia kwa mdeki mpaka ikae barabara juu ya baruti. Kisha hutia baruti kidogo katika kisahani cha gumegume, au huvisha fataki. Hapo ndipo bunduki iko tayari kwa mpigo mmoja tu. Akikosa, kazi yote aianze upya, na huenda mnyama asimpe nafasi.

Katika haraka hiyo ndiyo ikaja shida. Mtutu laini ulitengenezwa mpana kidogo kuliko risasi yake ili risasi iteremke upesi hata mtutu ukijaa masizi. Bunduki ya askari wa Kiingereza wa zamani ilikuwa na mtutu wa robo tatu za inchi, lakini risasi yake ilikuwa ndogo kuliko hapo. Basi risasi ikawa inagongagonga pande za mtutu inapotoka, na upande wa mgongo wa mwisho ndio ulioamua iende wapi. Kupita hatua mia, kumpata mtu mmoja kulikuwa bahati.

Dawa yake ilijulikana zamani: kuchonga mifereji ndani ya mtutu kwa msokoto, ili risasi itoke ikizunguka kama pia. Pia inapozunguka husimama. Ikiacha kuzunguka huanguka. Mwingereza Benjamin Robins katika kitabu chake cha mwaka 1742 alianza kuueleza kwa elimu mwendo wa risasi hewani, na baadaye akatabiri kuwa taifa litakalojua vyema bunduki za mifereji litawashinda wengine. Lakini risasi iliyobana katika mifereji ilikuwa nzito kuishindilia. Wengine waliigonga kwa nyundo ndogo, na ikifika chini imekwisha haribika umbo.

Mafundi wakajifunza mambo kadhaa, na wawindaji wa bara wenye akili nao waliyajua kwa uzoefu wao. La kwanza, kipimo cha baruti kiwe kile kile kila mara, kwa pembe au kibweta kimoja, kwani kipimo kikibadilika na mwendo wa risasi hubadilika. La pili, risasi imiminwe katika kalibu iliyo safi, nayo ipimwe. Yenye uwazi ndani, ambayo hujulikana kwa wepesi wake, irudishwe motoni. La tatu, risasi ivishwe kipande cha kitambaa kilichopakwa mafuta, kizibe nafasi na kushika mifereji, bila ya kuiumiza risasi. La nne, ishindiliwe mpaka igusane na baruti, kwa nguvu ile ile kila mara. Ikiachwa nafasi baina yake, mtutu waweza kupasuka. La tano, mtutu usafishwe, kwani zaidi ya nusu ya baruti nyeusi hubaki kuwa masizi na moshi mzito, na masizi hayo huvuta unyevu na kuleta kutu. Na la sita, mpigaji asitikisike baada ya kufyatua, kwa kuwa gumegume huwaka kwanza kisahani, kisha ndani, na katika muda huo mdogo mwenye haraka huwa amekwisha uondoa mtutu.

Wale ambao hawakupata risasi walitia vipande vya nondo, misumari na kokoto. Hayo yaliukwangua mtutu, yakatawanyika kama mtama, na yakajeruhi wanyama bila ya kuwaua.

MAFUTA YALIYOLETA VITA

Mwaka 1849 Mfaransa Minié alitengeneza risasi ndefu yenye shimo nyuma. Iliteremka upesi bila ya kugongwa, na baruti ikiwaka iliitanua ikashika mifereji. Hapo haraka na shabaha zikakutana. Waingereza wakatoa bunduki yao ya Enfield mwaka 1853 kwa kanuni hiyo. Lakini baruti na risasi zilifungwa pamoja katika karatasi iliyopakwa mafuta, na askari alifunzwa kuirarua karatasi kwa meno.

Habari zikaenea miongoni mwa askari wa India kuwa mafuta yale ni ya ng'ombe na nguruwe. Mhindu hali ng'ombe, na Mwislamu hali nguruwe. Wakubwa walipotahamaki wakasema kila askari apake mafuta yake mwenyewe, na aruhusiwe kurarua kwa mkono. Lakini imani ilikwisha vunjika. Katika mji wa Meerut, askari 85 wa farasi walikataa risasi ambazo, kama walivyoambiwa, zilikuwa za namna ile ile ya zamani. Wakafungwa minyororo mbele ya wenzao, na kesho yake, tarehe 10 Mei 1857, vita vikazuka. Mfalme wa mwisho wa Delhi, Bahadur Shah, akafa uhamishoni Rangoon mwaka 1862. Tazama, ndugu msomaji, jambo la kuongeza shabaha liliangusha ufalme, kwa sababu waliolileta hawakujali dhamiri za watu waliowapa kulitumia.

MTOTO WA MZINGA

Katika wawindaji Wazungu, Samuel Baker ndiye aliyejulikana kwa bunduki kubwa. Mwaka 1840 aliagiza kwa fundi Gibbs wa Bristol bunduki ya ratili 21, yenye mifereji miwili mipana na ya kina. Kidonge chake cha wakia tatu kilikuwa na mshipi uliozunguka, uingie katika mifereji hiyo. Alifanya hivyo kwa sababu baruti nyingi huirusha risasi ya kawaida juu ya mifereji midogo isiifuate, kama maji ya mafuriko yanavyopita juu ya mtaro. Mshipi ulishika njia.

Alipokwenda Sudan na Uhabeshi mwaka 1861 alikuwa na nyingine kubwa zaidi, ya kombora la nusu ratili. Waarabu aliofuatana nao wakaiita kwa maana ya Mtoto wa Mzinga. Mwenyewe alikiri kuwa ilimzungusha kila alipoipiga, na aliiogopa. Na ajabu ni kwamba katika safari hiyo hiyo aliwakuta Waarabu wa Hamran wakiwinda tembo kwa farasi na upanga tu, wakamkata mshipa wa mguu wa nyuma. Baker mwenye Mtoto wa Mzinga akawastahi kuliko wawindaji wote aliopata kuwaona.

Mwingine ni Frederick Selous, ambaye jina lake sisi Watanzania twalijua kwa mbuga ya kusini, ambayo sehemu yake kubwa ikawa Hifadhi ya Taifa ya Nyerere mwaka 2019. Alifika Afrika ya Kusini mwaka 1871, angali kijana, akanunua magobori mawili ya nambari 4, ya mtutu laini, ya bei ndogo. Baruti aliichota kwa mkono kutoka katika mfuko wa ngozi. Kwa misimu mitatu aliua tembo 78. Lakini siku moja bunduki yake ilikataa kuwaka, na mchukuzi wake kwa pupa akaijaza tena juu ya mzigo uliokuwemo. Ilipolipuka ilimwangusha chini na kitako chake kikavunjika. Alinusurika. Baadaye aliandika kuwa anajuta kuwa alipata kuzitumia bunduki zile, kwani mshindo wake uliharibu mishipa yake na shabaha yake. Alikufa kwa risasi ya adui huko Beho Beho, karibu na Rufiji, tarehe 4 Januari 1917, na hapo ndipo kaburi lake lilipo.

WENYE MIKUKI NA WENYE MISHALE

Huku kwetu pia walikuwako watu wasiohitaji gobori. Mbarbaig aliyemkabili simba, nyati au tembo kwa mkuki wake na kumuua alipewa ng'ombe na jamaa zake, akaheshimiwa kijijini. Wahadzabe wa bonde la Yaeda, wilayani Mbulu, huwinda kwa upinde na mishale yenye sumu, nao hukaribia mnyama mpaka wasikie pumzi yake. Wairaqw waliopata taabu na mashambulio ya Wamasai walijichimbia nyumba katika miteremko ya vilima, zisionekane kwa mbali. Wote hawa walikuwa na jambo moja ambalo gobori haliwezi kumpa mtu: subira ya kukaribia na ujuzi wa kungoja.

Siwasifu ili turudi katika uwindaji. Leo wanyama wana sheria zao, na nyingi ya desturi hizo zimekwisha au zimekatazwa. Nasema tu kuwa chombo hakimpi mtu shabaha. Shabaha huanza ndani ya mtu.

WINDO NA HUKUMU YAKE

Kuna swali ambalo babu zetu wa pwani waliulizana kila gobori lilipolia: je, nyama hii ni halali? Sahaba Adiy bin Hatim (r.a.) alimwuliza Mtume (s.a.w.) habari ya fimbo ya kuwindia, akaelezwa kuwa kilichouawa kwa ncha yake huliwa, na kilichouawa kwa ubapa wake hakiliwi, kwa kuwa hicho kimepigwa kikafa. Kwa hiyo wanazuoni wa zamani walikataza windo la kidonge cha udongo, kwa sababu huua kwa uzito wala hakikati. Ilipokuja risasi ya baruti wakakhitalifiana. Wako walioona ni kishindo na moto, hasa katika madhehebu yetu ya Shafi. Wako walioona kuwa risasi hupenya na kutoboa kama mshale, na katika hao ni Shawkani wa Yemen, aliyefariki mwaka 1834. Mcha Mungu alichukua njia ya tahadhari: alikimbia na kisu ili amchinje mnyama angali hai.

Zingatia basi, msomaji wangu, kuwa kwa Mwislamu shabaha haikuwa fahari tu. Aliyepiga ovyo alikula mzoga, au alimwacha mnyama aende akafe porini kwa mateso. Mtume (s.a.w.) alihimiza kujifunza kulenga, na yeye huyo huyo akamlaani anayekifanya kiumbe hai kuwa shabaha ya mchezo.

Na tembo je? Nyama yake hailiwi kwetu. Aliuawa kwa ajili ya jino tu. Na juu ya jino lenyewe, Imam Shafi ameona kuwa pembe ya mzoga wa tembo ni najisi, ingawa Imam Abu Hanifa ameiona ni tohara. Majumba mangapi ya pwani ya watu wa madhehebu ya Shafi yalijengwa kwa mali hiyo? Mwenyezi Mungu ndiye ajuaye zaidi, na hesabu ni yake.

SABABU YA KUANDIKA HAYA

Sasa nitimize ahadi yangu. Miaka kadhaa iliyopita, katika kijiji kimoja chini ya mlima Hanang, mzee mmoja wa jirani yangu alinijia baada ya sala ya Alasiri. Akaniambia: "Sheikh, nina gobori la marehemu baba yangu, halina karatasi yoyote. Nataka nilipeleke polisi, lakini naogopa kwenda peke yangu. Nisindikize." Ulikuwa ni mwezi wa Ramadhani, na mimi nilikuwa na darasa nyingi. Nikamwambia: "Mzee wangu, tungoje Idi ipite, tutakwenda pamoja." Idi ikapita. Nikasafiri. Nikarudi, nikasahau. Naye akastahi kunikumbusha, kwani mzee wa heshima haombi mara mbili.

Mahindi yalipokaribia kukomaa, mjukuu wake, mwanafunzi wangu, kijana wa miaka kumi na sita, alilala shambani kulinda. Usiku wanyama wakaingia. Akakimbia nyumbani, akalitoa gobori darini, akatia baruti aliyoikuta katika chupa, akashindilia kwa haraka. Hakujua kuwa lilikuwa limeshindiliwa tangu miaka mingi nyuma, na mzigo wa zamani umo ndani chini ya kutu. Alipofyatua mtutu ukapasuka. Alipoteza vidole viwili vya mkono wa kushoto na jicho moja.

Selous alijaziwa mara mbili akaangushwa chini tu. Kijana wangu alijaza mara mbili, na bunduki iliyozeeka haikumhurumia.

Nilipokwenda kumtazama hospitali aliniuliza: "Mwalimu, kosa ni la nani? La aliyetengeneza, la aliyeacha imejazwa, au langu?" Sikuweza kumjibu mbele ya babu yake. Yule mzee alikuwa amekaa pembeni ya kitanda, akaniangalia, wala hakusema neno. Wallahi, kunyamaza kwake kulinipiga kuliko risasi. Baadaye nilimwita faragha kijana yule nikamwambia: "Mwanangu, katika hao waongeze na mimi. Babu yako alitaka kuitua amana hii, nami nikamchelewesha." Akanyamaza kidogo, kisha akasema: "Basi wafundishe wenzangu, mwalimu." Ndiyo sababu ya makala haya.

MAFUNZO

Wawindaji wa zamani walikuwa na desturi moja nzuri. Walitia alama mbili juu ya mdeki: ya kwanza inaonyesha mdeki unapofika chini ya mtutu mtupu, ya pili unapofika juu ya mzigo mmoja kamili. Kabla ya kutia chochote, waliuteremsha mdeki taratibu na kutazama alama. Ikiwa umesimama juu kuliko alama ya kwanza, wakajua kuna kitu ndani. Kazi hiyo haichukui muda wa kuvuta pumzi tatu. Ingeyaokoa macho ya kijana yule.

Nami nasema, ndugu msomaji, tuwe na mdeki wa kupimia nafsi zetu. Kila usiku kabla ya kulala mtu ateremshe hesabu katika moyo wake: kuna nini ndani kilichobaki tangu mwaka jana? Kuna deni? Kuna chuki? Kuna ahadi niliyomwambia mzee tungoje Idi? Kwani mtu huongeza juu ya yaliyomo bila ya kupima, na siku anapokasirika hupasuka, na wanaoumia ni watoto.

Ama kwa vitendo, nakuusia haya. Ikiwa katika nyumba yako kuna gobori la urithi, lichukulie kuwa limejazwa, hata kama babu amekwambia ni tupu. Usijaribu kulifungua wala kulichoma moto, na usimpe mhunzi alifanyie majaribio. Usilielekeze kwa mtu hata kwa mzaha, kwani Mtume (s.a.w.) ametuonya kuwa Shetani huenda akaliponyosha mkononi. Liache pale lilipo, waondoe watoto, na nenda katika kituo cha polisi kilicho karibu ukatoe habari, wao waje walichukue. Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015 inamtaka kila mwenye silaha awe na kibali. Na kama jirani yako anaogopa kwenda peke yake, msindikize siku hiyo hiyo. Usiseme kesho, na usiseme baada ya Idi.

Kijana yule sasa ni mtu mzima. Huja darasani kila Jumamosi, akawaonyesha wadogo mkono wake kabla sijafungua kitabu. Babu yake alifariki akiwa radhi nami. Aliniambia hivyo kwa kinywa chake, nami sidhani kuwa nilistahili. Gobori lililopasuka tulilipeleka kituoni sisi wawili, tumelibeba kwa zamu, bila ya kusemezana njia nzima.

Mwenyezi Mungu atusamehe tuliyoyachelewesha, na atuwafikishe kuyatimiza yaliyobaki. Wabillahi tawfiq.